Kapasita Mbili za Saa ya Msikiti

Mimi ni mtu wa haraka. Chai naimeza ingali moto, ngazi nazishuka mbili mbili, na nikiona kitu kimefungwa kwa skrubu mkono unaniwasha mpaka nikifungue. Kwa hiyo jioni ile ya mwezi ishirini na nane Shaabani, nilipomsikia ami akiadhini Magharibi na simu yangu ikanionyesha kwamba bado dakika mbili na nusu, sikungoja kufikiri. Nilimlaumu ami.

"Lo, mzee huyu!" nilisema peke yangu. "Ramadhani inabisha hodi na yeye ndiyo kwanza aanza kukimbia!"

Ami ni mdogo wa marehemu babangu, na ndiye muadhini wa msikiti wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale tangu mimi sijavaa buibui. Msikiti umepakana na nyumba yetu hata kipaza sauti kikilia vikombe vinatikisika kabatini. Mtaa mzima hufuturu kwa sauti yake. Hakuna anayetazama simu, hakuna anayewasha redio. Watu hukaa na tende mkononi wakimngoja yeye tu. Ndiyo maana dakika mbili na nusu si kitu cha kucheka. Mtu akila jua halijatua, hata kwa kosa la muadhini, siku yake ya funga imekwenda na maji.

Asubuhi yake nikamwendea. Nilimkuta kwenye ngazi za msikiti akifagia, nikamwamkia, nikambusu mkono, nikaanza kuzunguka mbuyu kwa adabu zote: habari za mgongo, habari za usingizi, na ati jana Magharibi hakuona kama ametangulia kidogo?

Ami aliegemeza ufagio ukutani. "Nimetangulia? Mimi nafuata saa yako, mwanangu. Sekunde kwa sekunde."

Saa yangu!

Lazima niieleze saa hiyo. Mimi nafundisha elektroniki katika chuo cha ufundi, na alasiri natengeneza redio na feni za watu kwenye chumba cha juu cha nyumba yetu. Babangu alipofariki, sisi watoto wake tuliweka vitu wakfu msikitini kwa ajili yake. Mmoja alileta mikeka, mwengine feni. Mimi nikasema nitaleta saa, na siyo ya kununua dukani, la hasha! Nitaiunda mwenyewe kwa mikono yangu. Na nikaiunda: tarakimu nyekundu za kuonekana hata na mwenye mtoto wa jicho, nyakati za sala tano chini yake, kalenda ya mwaka mzima nimeitia ndani ya chipu, ile chipu ndogo yenye akili yake inayopanga kila kitu.

Halafu nikafanya jambo ambalo nililiona ni la hekima kabisa. Sikuitia vitufe. Hata kimoja! Saa ya zamani ya msikiti ilikuwa na kitufe nyuma, na msikitini kwetu kila mwanamume mwenye saa ya mkono anajiona yeye ndiye mwenye wakati. Mmoja alikuwa akiivuta mbele baada ya Adhuhuri, wa pili akairudisha nyuma kabla ya Alasiri, wa tatu akaja na simu yake akaapa kwa Mola wake kwamba wote wawili wamepotea. Basi yangu nikaifanya sanduku laini kama sabuni. Anayetaka kuirekebisha aje na kompyuta, na mwenye kompyuta na ujuzi huo ni mimi tu. Ami alifurahi mno. Akaivua saa yake ya mkono akaifungia kabatini, na tangu mwezi mosi Rajabu ilipotundikwa, hakuna aliyeigusa. Mimi mwenyewe sikuiona tena, maana imetundikwa upande wa wanaume.

Kwanza nilitaka kumpa ami simu yangu aingie nayo ndani ailinganishe na saa. La, haikufaa hivyo. Nikabaki nayo mimi, nikamwambia aingie asimame mbele ya saa, na tarakimu zikigeuka kuwa saa tatu kamili apige kelele. Nikangoja uchochoroni, jicho kwenye simu.

"Sasaaa!" alilia kutoka ndani.

Simu yangu ilikuwa bado dakika mbili na nusu na sekunde chache. Ami hakuwa amekosea hata chembe. Saa yangu ndiyo iliyokuwa ikikimbia, na yeye akikimbia nayo kwa uaminifu, akiuburura mtaa mzima nyuma yake.

"Kalenda ina dakika mbili za ihtiyati, za tahadhari baada ya jua kutua," alisema ami alipotoka, akijaribu kunitia moyo. "Na baada ya adhana huwa twangoja kabla ya kukimu, kwa hivyo sala haina neno."

"Lakini futari?"

Sote wawili tulijua. Ihtiyati ya dakika mbili ilikwisha kuliwa, na jioni hiyo watu wangepanda juu kutazama mwezi. Ukiandama, kesho ni Ramadhani.

Kulikuwa na jengine, nalo sikumwambia. Mamangu alifanyiwa upasuaji wa jicho Ramadhani iliyopita, akala siku sita kwa amri ya daktari. Siku hizo sita alikuwa amezilipa wiki hiyo, mfululizo, jana ikiwa ya mwisho. Chumba chake ni cha chini, hufuturu huko na jirani yake, na mimi huwa juu na mavyuma yangu. Siku sita za mwanamke aliyepona juzi, kwenye jua hili la Mombasa, na huenda nimemharibia zote. Na nafasi ya kuzirudia kabla ya Ramadhani haikuwapo tena.

Nilipanda ngazi zetu tatu tatu.

Bahati yangu ni kwamba sikutengeneza saa moja. Kwanza nilitengeneza ya majaribio, pacha wake, na pacha huyo alikuwa bado mezani kwangu, vipande ni vile vile. Nikamwasha. Sasa, ndani ya saa kama hii anayehesabu wakati si chipu yenyewe. Chipu haijui sekunde ni nini. Anayejua ni kristali, kijiwe cha madini ya kwazi, quartz kwa Kizungu, kilichokatwa kama uma wenye meno mawili, kimefungwa ndani ya kopo dogo kuliko punje ya mchele. Ukikitia umeme kinatetemeka, na kinatetemeka mara elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane kwa kila sekunde. Kwa nini idadi hiyo ya ajabu? Igawe kwa mbili. Igawe tena. Endelea hivyo mara kumi na tano, itabaki moja, moja kamili, na hiyo ndiyo sekunde! Miaka yote nimewafundisha wanafunzi jambo hili na bado nikilisema nywele zinanisimama.

Niliunganisha mashine ya kupimia mitetemo niliyoiazima chuoni. Safari hii nilifanya akili: sikuigusa kristali yenyewe. Niliiamuru chipu itoe hesabu kupitia mguu wake mwengine, nikapima huko.

Mitetemo elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na tisa.

Tisa! Mmoja wa ziada. Nilikaa kwenye kigoda nikapiga hesabu kwa penseli nyuma ya bahasha. Mtetemo mmoja uliozidi kwa sekunde ni sekunde mbili na nusu na kidogo kwa siku. Zidisha kwa Rajabu nzima na Shaabani yote hii. Dakika mbili na nusu! Ndiyo hiyo hiyo! Nilipiga makofi peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Msiba ulikuwa wangu, aibu ilikuwa yangu, na mimi nafurahi kama aliyeletewa posa, kwa kuwa hesabu imelingana.

Kisha nikatazama kapasita mbili zilizokaa ubavuni mwa kristali, na furaha ikanishuka mpaka miguuni.

Kapasita ni kitu kidogo chenye kupokea umeme kidogo na kuuachia. Kristali haiendi peke yake. Kila mguu wake mmoja hutiwa kapasita, na upande wa pili wa kapasita hushuka kwenye waya wa chini wa sakiti. Pamoja huwa ndio mzigo wa kristali. Kiwandani huipima kristali ikiwa na mzigo maalumu, na karatasi yake husema ni mzigo gani. Hii yangu karatasi ilisema pikofaradi, kipimo cha kapasita, kumi na mbili na nusu. Na mimi, mwalimu mzima, mtu wa haraka, nikasoma kumi na mbili na nusu nikatia kapasita ya kumi na mbili huku na ya kumi na mbili huku, nikafunga sanduku.

Mjinga mimi! Kristali haizioni kapasita hizo moja moja. Inaziona zimefuatana, moja nyuma ya nyengine, na kapasita mbili sawa zikifuatana nguvu yake huwa nusu. Kumi na mbili na kumi na mbili zimefanya sita. Nyaya za shaba za ubao na miguu ya chipu nazo zina kapasita zao za bure, hapo kama tatu na nusu. Jumla tisa na nusu. Kristali imeomba kumi na mbili na nusu, nimeipa tisa na nusu, kwa hiyo imekuwa nyepesi na inakwenda mbio.

Na mbona nilipoipima mwanzo ilikuwa sawa? Hilo nalo nikalijua pale pale, nikajipiga kofi la paja. Mwanzo nilipima kwa kuigusa kristali kwa ncha ya waya wa mashine, na waya ule una kapasita yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiiongezea mzigo kila nilipoipima. Nikiitazama inatulia, nikiiacha inatoroka.

Nilivaa buibui nikatoka. Nilipita Ngomeni nusu nikikimbia, wale wanaowatembeza wageni wakanipisha, nikatokea Biashara Street ambako nusu ya wanawake wa Mombasa walikuwa wakinunua leso za Ramadhani. Nyuma ya maduka ya leso kuna mzee wa Kihindi anayeuza vipuri vya redio kwenye duka lenye upana wa mlango wake. Nikamwambia nataka kapasita za seramiki, pikofaradi kumi na nane, nne. Mbili za pacha, mbili za wakfu.

"Nne tu?" alisema. "Mama, watu huchukua pakiti."

"Bwana, nipe hizo nne na uniombee dua."

Alinitazama juu ya miwani, akafungua kidroo, akanihesabia tano.

Nusu ya kumi na nane ni tisa, ongeza tatu na nusu za bure, kumi na mbili na nusu. Nilimfungua pacha, nikazing'oa zile za kumi na mbili, nikazilehemu hizi mpya kwa risasi, nikawasha. Mashine ikahesabu, ikahesabu, ikaandika: mia saba sitini na nane. Sitini na nane! Nilipiga kigelegele mpaka mamangu akauliza kutoka chini kuna nini.

"Hakuna kitu, mama!" nikamjibu, na uongo huo ukanichoma.

Baada ya Adhuhuri nikaenda msikitini na mkoba wangu. Nilimwomba ami niipeleke saa nyumbani, nusu saa tu.

"Wakfu hautoki msikitini," alisema.

"Ami, ni ukuta mmoja!"

"Hata ungekuwa uzi mmoja."

Basi aliiteremsha mwenyewe, akaileta kwenye chumba cha pembeni wanakosalia wanawake, chenye mlango wake uchochoroni, akaketi nayo mapajani kama anayepakata mjukuu. Nikaifungua hapo hapo. Nilipokuwa nikipasha moto chuma cha risasi, akaniuliza swali ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza.

"Kama hicho kijiwe kikipungukiwa na mzigo chaenda mbio, mbona usikizidishie? Tia kapasita kubwa. Ichelewe kidogo. Watu wakichelewa kufuturu hawapati dhambi."

"Kuzidisha mzigo ni kweli kutakifanya kiende polepole," nikasema. "Kama hamali na mkokoteni wake. Ukimpakiza pungufu anakimbia, ukimpakiza sana anaburuta miguu, ukizidi hapo hang'oki kabisa. Lakini ami, saa ikichelewa jioni, na alfajiri je?"

Alifikiri. Nikaona macho yake yakifunguka. "Watu watakuwa wanala daku na alfajiri imeingia."

"Ndiyo hayo."

"Subhanallah! Kwa hivyo hakuna pa kujificha."

"Hakuna, ami. Ni kumi na mbili na nusu, basi."

Aliishika saa kwa mikono miwili isitikisike hata kidogo, nami nikalehemu. Moshi ukatufukiza sote. Nikaunganisha kompyuta, nikairudisha saa kwenye wakati wake, nikapima kupitia ule mguu mwengine wa chipu. Sitini na nane. Ami hakujua idadi ile ina maana gani, lakini aliniona uso wangu, akasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa.

Baada ya sala ya Alasiri alisimama mbele ya watu akasema kwamba saa ilikuwa ikikimbia, na tangu katikati ya Shaabani imezipita zile dakika mbili za ihtiyati, na kwamba aliyefunga kadha, akilipa deni la funga, siku hizo na akafuturu kwa adhana ya hapa amwone imamu. Hakumtaja aliyeiunda. Hakukuwa na haja. Mtaa mzima ulijua ni mimi, kwa kuwa nilijisifu mwenyewe nyumba kwa nyumba ilipotundikwa.

Mwezi uliandama jioni ile ile. Watoto walipiga kelele juu ya mapaa, mtaa ukachangamka, na mimi nikashuka kwa mamangu ngazi moja moja. Nilikaa chini kwenye mkeka karibu na kitanda chake nikamweleza yote. Kristali, kapasita, kumi na mbili niliyoisoma kwa haraka. Siku zake sita. Nilikuwa nalia kabla sijafika mwisho.

"Nisamehe, mama. Nimekuharibia funga zako."

Alinisikiliza akikunja leso yake. Kisha akasema, "Nani amekwambia mimi nafuturu kwa saa yako?"

Nilifuta macho. "Ami akiadhini..."

"Ami yako akiadhini mimi naitikia, nangoja wa msikiti wa pili, wa mtaa wa jirani, aadhini, ndiyo natia tende mdomoni. Tangu siku saa yako ilipotundikwa."

"Kwani ulijua inakimbia?"

"Nitajuaje mimi? Ulipokuwa na miaka tisa uliifungua saa ya ukuta ya babako, ikabaki sahani ya vipande. Tangu siku hiyo mimi siamini saa uliyoitia mkono wako." Alinishika kidevu. "Nilikuwa sitaki kukuvunja moyo, mwanangu. Ulikuwa umefurahi mno."

Nilicheka na kulia pamoja. Funga zake zilikuwa salama, zote sita, na zilisalimika kwa sababu mamangu mzazi hakuniamini. Usiku ule nililala na mambo hayo mawili na sikujua lipi linanikaa zaidi moyoni.

Siku ya kwanza ya Ramadhani nilifuturu chini pamoja naye. Tuliandaa mahamri, uji, kaimati, tende kwenye kisahani. Jua liliteremka. Mimi nilikuwa nimeiacha simu juu makusudi, sikutaka kuitazama. Nilikuwa namtazama yeye. Kipaza sauti kikakoroma kama kawaida yake, na ami akaanza. Msikiti wa pili ulikuwa bado kimya.

Mamangu alikuwa ameishika tende. Hakugeuza sikio kule kwengine. Alisema bismillahi, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole, akatema kokwa mkononi.

Mimi nilikuwa nimeduwaa, tende yangu ingali kwenye kisahani.

"Futuru weye," aliniambia. "Wakati umeingia."